Mhusika Huyu Kavalishwa kwa Ajili ya Nani?

Shujaa wa kike anaingia vitani. Wenzake wa kiume wamevaa deraya kuanzia shingoni hadi miguuni. Yeye tumbo liko nje, mapaja yako nje, na kifua, mahali ambapo adui angelenga kwanza, kimefunikwa nusu. Tumeizoea picha hii katika gemu, katuni na filamu hadi hatuulizi tena aliyeichora alidhani nani ataitazama.

Mwaka 1975 mwananadharia wa filamu wa Uingereza, Laura Mulvey, alieleza kwamba sinema za Hollywood zilimlazimisha kila mtazamaji, awe mwanamke au mwanamume, kuangalia kwa macho ya mwanamume: mwanamume anatenda, mwanamke anatazamwa. Na baadhi ya filamu alizozichambua, zikiwemo za mwongozaji Alfred Hitchcock, zilitengenezwa wakati Hollywood ikifuata kanuni kali za maadili, zilizosimamiwa kwa nguvu tangu 1934 na kufutwa 1968. Kwa hiyo wanaodhani dawa ni kurefusha sketi wanakosea. Sketi zilikuwa ndefu, na macho yakabaki yale yale.

Wanaotetea michoro ya aina hii wana hoja nzito. Wanasema kuvutiwa na mwili si kosa, na kwamba si wanaume peke yao wanaochora hivyo. Ni kweli. Bayonetta, mchawi wa gemu iliyotoka 2009 ambaye mavazi yake ni nywele zake mwenyewe, alibuniwa na mwanamke, Mari Shimazaki, na wapo wachezaji wengi wa kike wanaompenda kwa jinsi anavyojiamini. Anayesema wanawake hao wamepumbazwa anawanyima akili zao.

Wanasema pia kwamba wanaume nao huchorwa na misuli isiyo ya kawaida. Jibu lililozoeleka ni kwamba misuli ile ni ndoto ya mwanamume anayetaka kuwa na nguvu. Kwa sehemu kubwa nakubali, lakini jibu hilo linasahau kwamba wanawake nao hutazama kwa hamu. Mkosoaji akifika hapo, naye ameshamchagulia mtazamaji jinsia na matamanio.

Hoja ya soko, kwamba miili wazi ndiyo inayouza, ndiyo dhaifu kuliko zote. Lara Croft, shujaa wa gemu za Tomb Raider, alianza 1996 na umbo lililotiwa chumvi na kaptura fupi. Mwaka 2013 alirudi na suruali na mwili wa binadamu wa kawaida, na gemu ile ikauzika kuliko nyingine zote za mfululizo wake. Upande wa pili, gemu ya Stellar Blade ya 2024, ambayo haikuficha kitu, nayo iliuzika vizuri. Mauzo hayasemi lolote la uhakika, ila yanawanyima watengenezaji kisingizio cha kusema hawakuwa na njia nyingine.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Wonder Woman, shujaa wa kike wa vitabu vya katuni. Mwaka 2017 alionekana katika filamu mbili: yake mwenyewe, iliyoongozwa na Patty Jenkins, na Justice League, ambamo yumo pamoja na mashujaa wengine. Mwigizaji ni yule yule, Gal Gadot, na vazi halikutofautiana sana. Katika ya kwanza kamera inafuata anachofanya: anapanda ngazi, anatoka kwenye handaki, ngao inapokea risasi. Katika ya pili, watazamaji wengi walilalamika, kamera inashuka chini na kumchungulia kwa nyuma hata pale mazungumzo yanapohusu jambo jingine kabisa. Hata baadhi ya wapiganaji wenzake wa Amazon, kabila lake la wanawake mashujaa, walitokea matumbo wazi.

Kwangu mimi swali liko hapo, wala si kwenye kiasi cha ngozi. Mhusika anaweza kuwa nusu uchi na bado tukamfuata kwa nia yake, hofu yake na uamuzi wake. Anaweza pia kufunikwa gubigubi na kamera ikamkata vipande. Anayechora kwa dhana kwamba upande wa pili kuna mvulana mmoja tu anamfungia mlango msichana aliyekuja kwa ajili ya hadithi hiyo hiyo. Na mvulana mwenyewe anadharauliwa, kwa kuwa ameshahukumiwa kwamba bila mapaja hawezi kujali kama shujaa atapona au atakufa.