Chemsha au Usichemshe? Tangazo la Maji Lianzie Hapo

Kanuni ya Marekani inasema maji ya bomba yakibainika kuwa na hatari ya papo kwa papo, mamlaka ya maji iwatangazie watumiaji ndani ya saa 24. Swali ni saa hizo zinaanza kuhesabiwa lini.

Chukua E. coli, bakteria wanaoashiria kinyesi kimeingia majini. Sampuli inachukuliwa Jumatatu asubuhi, inatiwa kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, na kuwekwa kwenye inkubeta, kabati la joto la nyuzi 35. Jumanne maji yamegeuka manjano, na chini ya taa ya urujuanimno yanang'aa samawati: E. coli wamo. Jimbo linajulishwa siku hiyohiyo, ila kikanuni hapo bado hakuna ukiukaji. Zinatakiwa kwanza sampuli tatu za marudio: moja bomba lilelile, moja upande maji yanakotoka na moja yanakoelekea, zote ndani ya saa 24. Zikichukuliwa Jumatano, majibu ni Alhamisi. Yakithibitisha, saa 24 ndiyo kwanza zinaanza, na tangazo linaweza kutoka Ijumaa. Ni kweli jimbo lina uwezo wa kuamuru mapema, lakini huo ni uamuzi wa ofisa, na ofisa anaweza kusita.

Kwangu mimi, ushauri wa kuchemsha utoke Jumanne. Wanaopinga husema watu watachoka na matangazo yanayofutwa kesho yake. Hoja ina uzito, ila gharama ya kuchemsha maji siku mbili bila sababu ni gesi tu.

Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada, unaonyesha gharama ya upande wa pili. Mei 17, 2000 majibu mabaya ya maabara yaliwafikia wasimamizi wa maji, nao wakayakalia. Maofisa wa afya walipouliza, wakaambiwa maji ni salama. Maabara haikubanwa na sheria yoyote kuwaarifu watu wa afya. Tangazo lilitoka Jumapili, Mei 21, redioni, na wengi halikuwafikia. Walikufa watu 7, wakaugua zaidi ya 2,000. Leo sheria ya Ontario inaitaka maabara yenyewe imwarifu mganga mkuu wa eneo moja kwa moja, kwa mdomo, bila kusubiri mwenye mtambo. Kifungu hicho ningekinakili neno kwa neno.

Halafu kuna maneno yenyewe. Kanuni ya Marekani inataka tangazo liwe na mambo kumi, kuanzia kilichotokea hadi namba ya simu ya kuulizia. Yote yanafaa, lakini haisemi kipi kitangulie. Agosti 2014 maji ya Toledo, Ohio, yalikutwa na mikrosistini, sumu ya mwani wa Ziwa Erie. Sumu hiyo haifi kwa moto. Ukichemsha, maji yanapungua na sumu inabaki, ikizidi makali. Naitreti, kemikali inayotoka kwenye mbolea, nayo ni hivyohivyo. Mtu aliyezoea kwamba tangazo la maji maana yake ni sufuria jikoni atajidhuru akidhani anajikinga. Kwa hiyo mstari wa kwanza uwe amri: CHEMSHA, au USINYWE NA USICHEMSHE. Kama ni kuchemsha, wa pili useme yatokote dakika moja kamili, dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, na barafu iliyokwisha kugandishwa imwagwe. Maelezo ya maabara yaje chini.

Upelekaji ndio uliolegea zaidi. Kanuni inaridhika na njia moja au zaidi: redio au televisheni, mabango, au karatasi mlango kwa mlango. Mamlaka nyingi huongeza ujumbe wa simu, lakini orodha ya namba ni ya wanaolipa bili. Kwenye jengo la ghorofa anayelipa ni mwenye nyumba, na wapangaji hamsini wa juu yake hawamo. Na lugha? Mwaka 2023 mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, FCC, aliagiza violezo vya tahadhari za simu kwa lugha 13 mbali na Kiingereza. Kiswahili hakimo, ingawa familia za Wakongo zinazokizungumza zipo katika miji mingi ya huko. Mwenye nyumba alazimishwe kubandika tangazo kila mlango wa kuingilia ndani ya saa mbili, na mamlaka iwe na tafsiri zilizokwisha kuandaliwa kabla ya dharura, si siku ya dharura.