Msimu wa Kuwinda Manusura

Julai ikikaribia, simu yangu haitulii. Tarehe 30 ni Siku ya Kimataifa ya Kupinga Usafirishaji Haramu wa Binadamu, na wiki kadhaa kabla yake kila mwenye mradi, tasnifu au jukwaa hukumbuka kwamba hana manusura wa kuonyesha. Mwaka huu nimepata ujumbe wa adabu kabisa, salamu ndefu, natumaini u mzima wa afya, kisha ombi lenyewe: je, ningeweza kuwatafutia manusura wawili, wasichana ikiwezekana, wanaojieleza vizuri na wenye simulizi inayogusa? Ijumaa, saa nne asubuhi. Kama mtu anayekodi viti vya sherehe.

Sikujibu. Hapa ndipo mahali pangu pa kusemea, basi nasemea hapa.

Mnaonisoma mnajua naishi kwa ukalimani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa katikati ya mtafiti na mtu aliyeuzwa, aliyefungiwa au aliyetumikishwa bila malipo. Kuna jambo moja ambalo watafiti hawalioni kwa sababu hawakai upande wangu wa meza. Mkalimani husema "mimi". Yeye akisema walimnyang'anya pasipoti, mimi natamka "walininyang'anya pasipoti". Akisema alipigwa, natamka "nilipigwa". Kwa hiyo najua, kwa ulimi wangu mwenyewe, mtu mmoja anaweza kuamriwa mara ngapi aanze mwanzo.

Fuatilia njia anayopita. Polisi wanataka maelezo. Afisa ustawi wa jamii anataka maelezo. Daktari, mwendesha mashtaka, hakimu. Hao siwalaumu, kazi yao haiendi bila maelezo. Lakini hapo ndipo foleni ya pili inapoanza: nyumba salama, yaani hifadhi ya manusura, inahitaji simulizi kwa ajili ya ripoti ya mfadhili, mwanafunzi wa uzamili ana tasnifu, wa uzamivu ana sura mbili hazijajaa, mtengeneza filamu ana kamera na machozi yake tayari. Wote wanasema pole. Wote wanaweka kinasa sauti mezani. Wote wanauliza ilikuwaje, na hakuna anayeuliza kwanza kama swali hilo lilishajibiwa mahali pengine wakati kidonda kilikuwa hakijatoneshwa mara zote hizo.

Kuna mama mmoja simsahau. Mwisho wa mahojiano mtafiti, kijana mwenye moyo mzuri, simsemi vibaya, akamuuliza kama na yeye ana swali. Mama akafikiri kidogo, akasema: "Mwenzako aliyekuja kabla yako, alipata cheti chake?" Kijana akanigeukia mimi kana kwamba nimekosea kutafsiri. Sikukosea. Alikuwa hajui kuwa alitanguliwa na mtu, na huyo aliyetangulia hakuwahi kurudi hata kusema asante, achilia mbali kuleta alichokiandika kwa lugha ambayo mama yule anaisoma. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni hawa wakija, mwenyeji anaugua upya.

Na tusijifanye kwamba miongozo haipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya maadili na usalama ya kuwahoji wanawake waliosafirishwa kiharamu mwaka 2003. Ni mambo kumi tu, ambayo mtu anaweza kuyasoma akiwa kwenye basi. La kwanza: usidhuru. Limo la kutomrudisha mtu kwenye kiwewe chake, limo la kutoahidi usichoweza kutimiza, na la kumi ni kwamba taarifa ulizokusanya zitumike kwa manufaa. Limewekwa mwisho, nadhani, ndiyo maana wengi hawalifikii.

Watanijibu: lakini tulipata ridhaa, fomu zimesainiwa, kamati ya maadili imepitisha. Ndiyo, fomu naijua, nimeisoma kwa sauti mpaka naweza kuikariri. Inasema una uhuru wa kukataa na hakuna huduma utakayoipoteza. Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Unalala kwenye kitanda cha hifadhi. Hati zako za ukaaji zinashughulikiwa na mkurugenzi wa hifadhi hiyo. Mkurugenzi yuleyule anaingia chumbani na mgeni aliyevaa kitambulisho shingoni, anasema huyu ni rafiki yetu kutoka chuo kikuu, angependa kuongea nawe, lakini ni hiari yako. Utasema hapana? Mtu ambaye miezi michache iliyopita alilipia kwa kipigo kila "hapana" yake? Nimeona wakisaini bila kuangalia karatasi. Wamezoea karatasi za watu wenye madaraka, maana hata mkataba uliowapeleka utumwani waliusaini hivyohivyo.

Halafu kuna suala la mahakama, na hili linanikera kuliko yote kwa sababu halisemwi kwenye warsha. Kumbukumbu ya mtu aliyepitia kiwewe haijipangi kama kalenda. Leo atakumbuka mlango, kesho atakumbuka sauti, tarehe zitapishana. Kila mahojiano yanazalisha toleo jingine la kisa kilekile, likiwa na tofauti ndogondogo, na toleo likishachapishwa gazetini au kuwekwa kwenye video ya kampeni, wakili wa mtuhumiwa haitaji kibali cha maadili kulisoma. Mbele ya hakimu atauliza: ulisema watu watatu, kwenye video ulisema wawili, ulidanganya lini? Jamani. Tulimwita aseme ili tumsaidie, tukampa adui yake risasi.

Tena soko likidai simulizi kali, zitapatikana kali. Kisa cha Somaly Mam wa Kambodia kilipaswa kutufundisha hilo. Alijitambulisha kama manusura, akawa uso wa mapambano haya duniani, wakuu na wasanii wakipanga foleni kupiga naye picha. Mei 2014 jarida la Newsweek likachapisha uchunguzi ulioyatilia shaka maelezo ya maisha yake na ya baadhi ya wasichana aliowatanguliza mbele ya kamera, na mwezi huohuo akajiuzulu kwenye taasisi iliyobeba jina lake. Mwenyewe baadaye alishikilia kwamba hakudanganya. Mimi si hakimu wake. Ninachouliza ni nani alikuwa akimlipa msimuliaji kulingana na ukali wa simulizi. Wafadhili walitaka machozi, kamera zikataka machozi, na siku uchunguzi ulipotoka walewale wakashangaa kama watoto. Aliyeumia zaidi ni msichana wa kweli, mwenye kisa cha kawaida kisicho na mnyororo wala chumba cha giza, ambaye tangu siku hiyo alianza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Kisa cha kawaida, ndiyo, maana vingi viko hivyo. Takwimu za Shirika la Kazi Duniani na washirika wake zilizotoka 2022 zinakadiria watu milioni 27.6 kwenye kazi za shuruti. Kati yao milioni 6.3 ni wa unyonyaji wa kingono wa kibiashara. Milioni 17.3 wako kwenye sekta binafsi nyingine: mashamba, ujenzi, viwanda, uvuvi, majumbani mwa watu. Sasa fungua bango lolote la kampeni uniambie unamwona mvuvi. Humwoni. Mwanaume wa makamo aliyekaa baharini bila mshahara kwa sababu ya deni la wakala hagusi mtu, kwa hiyo hayumo kwenye bango, na kwa kuwa nyumba salama nyingi hazikujengwa kwa ajili yake, hayumo hata kwenye sampuli ya mtafiti. Mtafiti huenda panapofunguka mlango. Anawahoji waliookolewa, waliokubali msaada na waliopokewa, kisha anaandika sentensi inayoanza na "waathirika wa usafirishaji haramu huwa..." Huwa nani? Wale uliowakuta kwenye nyumba ile, ndugu yangu. Waliobaki hukuwaona.

Na sasa wamekuja wengine wasiofanana kabisa na picha yetu. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na takriban 100,000 Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi wamesoma, wana shahada, wanajua kompyuta na lugha mbili tatu. Waliomba kazi ya huduma kwa wateja wakajikuta nyuma ya ukuta wenye walinzi, wanalazimishwa kuwatapeli wastaafu wa nchi za mbali. Wakitoka wanapokewa kama wahalifu. Kanuni ya kutowaadhibu waathirika kwa makosa waliyolazimishwa kuyatenda tunaihubiri kila kongamano, lakini ukimletea afisa kijana mwenye shahada aliyetapeli watu, huruma inakwisha. Hana simulizi inayogusa.

Kuhusu takwimu za jumla sitakaa sana, maana nitaharibu siku yangu. Kuna faharasa moja maarufu ya utumwa duniani iliyosema milioni 29.8 mwaka 2013, milioni 35.8 mwaka 2014 na milioni 45.8 mwaka 2016. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuhesabu. Lakini jukwaani ikawa "utumwa unaongezeka kwa kasi ya kutisha", na waliopiga makofi hawakuuliza. Angalau makadirio ya siku hizi yamejengwa juu ya tafiti za kaya na njia yake ya kuhesabu imewekwa wazi, hilo nalikubali.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba bila watu waliothubutu kusema tusingekuwa na kitu. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, haikuandikwa na malaika. Wapo manusura wanaotaka kusema, wanaosimama mbele za watu kwa hiari na wanatoka wakiwa wamenyooka mgongo, na ole wake atakayewafunga midomo kwa jina la kuwalinda. Nimewakalimania na nimejivunia sauti yangu siku hizo. Tofauti yao na wale wa Ijumaa saa nne ni kwamba wao walichagua siku, wakachagua cha kuacha, wakalipwa kama anavyolipwa mtaalamu yeyote anayepanda jukwaani. Ukiwauliza wanataka kuzungumzia nini, mara nyingi hawataki kurudia kile chumba. Wanataka kuzungumzia kibali cha kazi. Wanataka kujua kwa nini kesi imekaa miaka, kwa nini mshahara waliodhulumiwa haujarudishwa, kwa nini deni la wakala bado linadaiwa kwa wazazi wao. Hapo mwandaaji anaanza kutazama saa.

Kwa hiyo kabla hujanipigia simu, kuna kazi ya kufanya. Tazama kama unachokitafuta hakijakusanywa tayari. Tangu 2017 kuna hazina ya pamoja ya data iliyoanzishwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambamo mashirika yanayohudumia waathirika huweka taarifa za kesi zao zikiwa zimefichwa majina, na mtafiti yeyote anaweza kuzitumia akiwa kwenye kiti chake bila kumwamsha mtu usingizini. Ina upungufu, ndiyo, nayo ni ya wale waliofikiwa na msaada tu. Lakini haiwatoneshi. Ukishaona kweli unahitaji kukaa na mtu, weka malipo ya muda wake kwenye bajeti. Usiniambie malipo yataharibu ukweli wa majibu. Wewe unalipwa, mimi nalipwa, dereva aliyetuleta analipwa, na sijasikia kamati yoyote ikihofia ukweli wetu. Eti yeye peke yake, aliyefanyishwa kazi bure, ndiye tunayemwomba afanye tena kazi bure, safari hii kwa manufaa ya sayansi.

Na kitu kingine, ambacho nashangaa hakijamchosha mtu kukikwepa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba kazi za shuruti zinaingiza faida haramu ya dola bilioni 236 kwa mwaka. Fedha hizo zina wenyewe. Kuna aliyetoza ada ya kumtafutia mtu kazi, aliyebadilisha mkataba uwanja wa ndege, mwajiri aliyefungia pasipoti kabatini, mnunuzi wa samaki aliyeridhika na bei bila kuuliza kwa nini iko chini hivyo, benki iliyopitisha malipo. Rafu za maktaba zimejaa maumivu ya aliyeuzwa, lakini juu ya aliyemuuza na aliyemnunua kuna kipande kidogo tu. Sababu naijua, kila mtu anaijua: aliyeuzwa yuko kwenye nyumba salama, hana wakili na anaona aibu kukataa, ilhali tajiri ana mlinzi getini. Wachache wamejaribu, wamekaa na mawakala gerezani na hata uraiani, na walichorudi nacho kinafundisha zaidi ya machozi ya mwaka mzima: nani anamlipa nani, kibali kinanunuliwa wapi, mtu anageuzwaje deni.

Mawakala hao nitawakalimania kwa furaha, hata usiku, hata bei tupunguziane. Tena hawahitaji kutafutwa na mimi. Kila tangazo la kazi ya ng'ambo lina namba ya simu chini yake.