Glasi moja nzuri inatosha

Mwezi uliopita, katika duka moja la vyombo hapa Kampala, muuzaji alinipangia glasi nne: ya Cabernet na ya Pinot Noir (aina mbili za mvinyo mwekundu), ya mvinyo mweupe, na ile nyembamba ya shampeni. Akanieleza kwamba kila umbo huupeleka mvinyo mahali pake ulimini, utamu mbele, uchachu pembeni. Sikununua hata moja.

Hoja hiyo ya ulimi haina mashiko. Ramani hiyo ya ladha ulimini ilitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901. Kila ladha husikika popote ulimini penye vionjio. Riedel, kampuni ya glasi ya Austria iliyotoa seti yake ya Sommeliers mwaka 1973, ndiyo iliyoieneza sana biashara ya glasi kwa kila mvinyo.

Lakini umbo lina kazi, na hilo nalitetea kwa moyo wote. Mdogo wangu alipokuja kutoka Arua, nilimfunga macho kwa leso nikamshikia puani Pinotage ileile, mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini. Kwenye bilauri ya chai alisema, "Pombe tu." Kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobanwa akanyamaza, akavuta pumzi tena. "Jambula," akasema (ndiyo zambarau kwenu wa pwani), "na moshi kidogo." Nikaleta glasi kubwa ya Burgundy (ile ya Pinot Noir) niliyoazima kwa jirani. "Si ndiyo hiyohiyo, kaka?"

Tumbo huupa mvinyo hewa, mdomo huzuia harufu isitawanyike. Mwaka 2015 watafiti wa Tokyo waliupiga picha mvuke wa pombe, wakaona kwamba kwenye glasi ya mvinyo unajikusanya ukingoni na kuacha nafasi katikati, pua inapoingia. Kwenye glasi iliyonyooka haikuwa hivyo.

Basi tafuta glasi ya umbo la yai lililokatwa juu, ukingo mwembamba, na mguu mrefu ili joto la kiganja lisiufikie mvinyo. Mimina theluthi tu. Mwekundu nao uweke kwenye friji dakika 20 kwanza, maana joto la sebule zetu limeuzidi. Hata shampeni naiweka humohumo: ile nyembamba hutunza mapovu, lakini huminya harufu.

Nimenunua sita za namna hiyo. Jumamosi wageni wangu ni sita, na fedha iliyobaki imeniletea chupa ya pili.