Miche Ikitoka Kwenye Buti la Basi, Iache Ipumzike

Boksi lilishushwa Uyole, hapa Mbeya, saa mbili usiku, limebonyea upande mmoja, limeandikwa kwa maka peni: JUU HUKU. Mshale ulikuwa unaelekeza chini.

Ndani mlikuwa na miche 12 ya parachichi aina ya Hass. Niliiagiza Njombe kwa Wasapu, baada ya kutamani picha za kitalu cha muuzaji, na hela nilishatuma tangu asubuhi. Kwenye picha majani yalikuwa yamesimama yanang'aa. Niliyotoa kwenye boksi yalilegea kama masikio ya mbuzi, mengine meusi pembeni. Viriba vitatu, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vilikuwa vimepasuka na udongo wake umetapakaa chini ya boksi.

Nilichofanya ndicho wanachofanya wengi ninaowajua. Nilimwagilia mpaka maji yakatiririka barazani. Asubuhi nikaianika juani ili ipate nguvu. Mchana nikaona haitoshi, nikaweka kijiko cha mbolea ya urea kwa kila mche. Kufikia siku ya nne, miche minne ilikuwa kuni.

Muuzaji nilimtumia ujumbe mrefu, na sehemu yake sitaki kuikumbuka. Leo, misimu miwili baadaye, nasema hivi: basi liliichosha ile miche, ila aliyeiua ni mimi. Na naamini miche mingi inayosafirishwa hufia mikononi mwetu wapokeaji, kwa sababu ya huruma.

Fikiria ile safari yenyewe. Mche umekulia kwenye ubaridi wa Njombe, chini ya kivuli cha kitalu. Unapita Makambako, unateremka bonde la Usangu, Igawa, Chimala, Igurusi, mwezi wa Oktoba, kwenye buti lisilo na hewa huku gunia la viazi likiuegemea. Kisha unapanda tena mpaka Uyole. Muda wote huo majani yanaendelea kupoteza maji, na udongo unavyotikiswa ndani ya kiriba, vimizizi vyembamba vinavyonyonya maji vinakatika. Mche unafika na kiu, lakini mdomo wa kunywea umeumia. Kuumwagia ndoo nzima hakusaidii. Parachichi hasa halivumilii maji yanayotuama: mizizi yake ni ya juujuu, inahitaji hewa, ikikaa kwenye tope inaoza. Ikioza majani yananyauka, nawe ukiona yamenyauka unaongeza maji.

Urea nayo ilikuwa ujinga mtupu. Si bure tunaziita mbolea za chumvichumvi. Chumvi ikizidi kwenye udongo wa kiriba kidogo, inauvuta maji mzizi badala ya kuupa. Mche usiokuwa na mizizi mizima haukui hata uuwekee nini.

Na jua letu linadanganya. Kwa sababu Mbeya kuna ubaridi, mtu anadhani jua lake ni la kuotea tu. Tuko juu huku, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, na jani lililoshinda gizani kutwa nzima likianikwa ghafla saa sita mchana linababuka.

Siku hizi boksi likifika nalifungua usiku uleule na kuisimamisha miche. Kiriba kikiwa chepesi mkononi nakidumbukiza kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, nakitoa, nakiacha kichuje. Baada ya hapo sigusi maji mpaka nichomeke kidole kwenye udongo na kitoke kikavu. Miche inakaa nyuma ya jiko, chini ya mgomba, ambako upepo haufiki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu jembe lisubiri wiki mbili. Ndipo naanza kuusogeza kwenye jua la asubuhi, kwa muda wa saa moja, kesho yake kwa saa mbili. Wapo wanaopunguza majani kwa mkasi. Mimi nakata yaliyokufa tu, mengine nayaacha.

Ile minane iliyobaki sikuiokoa peke yangu. Mmoja nilikuwa nishaubeba kuutupa, bibi jirani akanisimamisha.

"Mwanangu, umeukwangua?"

"Bado, bibi."

Akakwangua gome kwa ukucha, kidogo tu, karibu na ncha. Kahawia. Akashuka chini kidogo, akakwangua tena. Kijani, chenye unyevu kabisa. "Huu umelala," akasema, akaenda zake.

Ulichukua wiki tano kuamka. Nilipoona chipukizi nilifurahi mpaka nikapiga picha, kisha nikainama nikaangalia vizuri. Lilikuwa limetokea chini ya kiungo, pale kikonyo, yaani kijitawi cha Hass, kilipounganishwa kwenye shina la parachichi la kienyeji. Kikonyo kilikuwa kimekauka tii. Kwa hiyo nilikuwa nimefufua mti ambao sikuununua. Tangu siku hiyo kila chipukizi la chini ya kiungo naling'oa mapema, maana lisipong'olewa linamla mwenzake wa juu.

Wauzaji nao wana lao. Mche wenye majani machanga mekundu si wa kusafirishwa. Majani yale ndiyo ya kwanza kuungua. Mwagilieni jana yake, si dakika ya mwisho, na mfunge kiriba mdomoni ili udongo usimwagike. Mimi sasa kabla ya kutuma hela naomba picha ya kiungo kwa karibu, na siagizi tena Oktoba. Nasubiri mvua zishike, Desemba hivi.

Miche saba ya Hass iko shambani. Ule wa kienyeji niliupanda kwenye kona ya choo, na ndio unaokua haraka kuliko yote.