Fizikia ya Mpemba: kukariri, kuchambua, na kile kilicho katikati

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, aliyekuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanga, aliingiza maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friza bila kuyasubiri yapoe, kwa sababu nafasi ilikuwa inakwisha na wenzake walikuwa wanaigombea. Baada ya saa moja na nusu hivi, maziwa yake yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, yalikuwa bado mazito kama uji. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa mjini Iringa, alirudia swali lile baada ya kufundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, yaani kasi ya kupoa hutegemea tofauti ya joto kati ya kitu na mazingira yake, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, akikosea hesabu, darasa zima lilisema hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Wanaotetea mtaala unaozingatia umahiri, yaani unaojali kile mwanafunzi anachoweza kukifanya badala ya alichokariri, hawakosi kukitaja kisa hiki, nao wana haki. Tanzania iliuingiza mtaala wa aina hiyo katika shule za sekondari mwaka 2005, na mitaala iliyoboreshwa ikaanza kutumika mwaka 2024; Kenya nayo ilianza mwaka 2019 kuuondoa mfumo wa 8-4-4, darasa baada ya darasa. Hoja yao ni kwamba mwanafunzi aliyezoea kunakili ubaoni na kurudia mitihani iliyopita anaweza kufaulu bila kuwahi kukutana na tatizo ambalo hajaoneshwa njia yake. Mpe swali hili: wanafunzi 400 wanasafiri kwa mabasi yenye viti 65 kila moja, je, yanahitajika mabasi mangapi? Wapo watakaogawanya bila kosa lolote, wakaandika 6.15, wakapiga mstari chini ya jibu na kwenda swali linalofuata. Hakuna aliyewazoesha kujiuliza kama kuna basi la 0.15.

Lakini swali hilohilo linausaidia pia upande wa pili, na hapa ndipo mjadala wetu huwa unapita haraka mno. Mwanafunzi asiyeweza kugawanya 400 kwa 65 hafiki hata kwenye hiyo 6.15 ya kutafakari. Mwaka 2006, watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark waliandika makala yenye ubishi mkubwa wakisema kwamba kumwachia anayeanza agundue mwenyewe kwa mwongozo mdogo humlemea, kwa kuwa akili haiwezi kushika mambo mengi mapya kwa wakati mmoja, na kwamba mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua humfaa zaidi mpaka ujuzi wake ukue. Mwalimu yeyote aliyewahi kugawa vikundi vya majadiliano katika darasa la wanafunzi 80 analijua jambo hilo bila kusoma makala: mmoja anafanya kazi, wawili wanatazama, waliobaki wanapiga soga. Tena kwa Tanzania, mtoto aliyesoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi katika shule ya serikali anatakiwa, akifika kidato cha kwanza, achambue kwa Kiingereza. Wakati mwingine kinachoitwa udhaifu wa kufikiri ni sentensi ambayo hakuielewa.

Kwa maoni yangu, jedwali la kuzidisha, fomula na mazoezi ya kurudiarudia havina ugomvi na uchambuzi. Vinakuwa kikwazo pale mtihani unapoishia hapohapo, maana walimu wengi, na siwalaumu, hufundisha kile kitakachotahiniwa. Mtaala unaweza kubadilishwa jina mara tatu, lakini kama karatasi ya mwisho inaendelea kuuliza ufafanuzi na orodha, darasa litaendelea kukariri ufafanuzi na orodha. Maabara zilizojengwa kwa michango ya wananchi katika kampeni ya miaka ya 2014 na 2015 hazitalibadilisha hilo zenyewe, hasa zile ambazo zina meza na hazina kemikali.

Nikirudi kwa Mpemba, mwalimu wake wa Mkwawa hakuwa mjinga. Alikuwa na kanuni mkononi na sababu nzuri ya kutilia shaka. Hata mwaka 2016, watafiti Burridge na Linden walipima tena, hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa hadi nyuzi sifuri mapema kuliko ya baridi, wakaonesha kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kidogo kunatosha kumpotosha mpimaji. Huenda basi mwalimu alikuwa sahihi kuhusu barafu. Alikosea kwa kuitumia kanuni kufunga swali lililohitaji friza, vyombo viwili na muda wa mchana mmoja.

Denis Osborne, mwanafizikia aliyefika Mkwawa kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, aliulizwa swali lilelile mbele ya wanafunzi waliokuwa wakicheka. Hakulijibu pale, aliahidi kwenda kujaribu, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha matokeo pamoja. Fundisanifu aliyemfanyia Osborne jaribio la kwanza alimletea taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.