Nani aliyewahifadhi watoro wa Rabai?

Makanga wa matatu za Kisauni hutaja jina la Kengeleni kutwa nzima, na abiria wengi hushuka pale bila kuinua macho kuitazama kengele yenyewe. Ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini na manowari za Waingereza. Kwa wengi wetu habari ya utumwa na ukombozi hapa pwani huanzia kwenye kengele hiyo na kuishia papo hapo: mateka alikuwa baharini, Mzungu akamtoa, akampa kiwanja na jembe.

Hayo yalitokea kweli. Lakini kuna watu wengine ambao hawakutolewa na mtu yeyote. Waliondoka wenyewe, usiku, katika mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi, wakashika njia ya bara. Mkataba ambao Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mwaka 1873 ulifunga soko la Zanzibar na kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, ila haukumgusa mwenye mtumwa shambani kwake. Mtwana aliyetoroka Malindi mwaka 1880 alihesabika bado kuwa mali ya bwana wake, na aliyempa hifadhi alihesabika mwizi. Lugha yetu yenyewe ilishika upande wa bwana. Ilimwita mtoro, na mpaka leo mtoro ni mtoto aliyekwepa shule, mtu aliyeacha pale anapopaswa kuwa.

Wapo wanaoshikilia kwamba watoro hao nao ni kazi ya misheni, na kielelezo chao ni Rabai, kituo cha CMS bara ya Mombasa, mwaka 1888. Oktoba ya mwaka huo George Mackenzie aliwasili Mombasa kwa niaba ya kampuni ya Waingereza iliyokabidhiwa pwani na Sultani. Akawakuta wenye watumwa wamefura kwa hasira: watumwa wao wako Rabai na katika misheni nyingine za jirani, wanalima na kujenga. Upande wa Wajerumani, Pangani, moto wa uasi wa Abushiri dhidi yao ulikuwa umekwisha kuwaka, na Mackenzie hakutaka cheche ziruke mpaka. Akakubali kuwalipa mabwana dola 25 kwa kila mtoro, zile riale za fedha zilizozoeleka pwani, na kila mtoro apewe hati ya uhuru. Hati zikagawiwa Rabai siku ya mwaka mpya, 1889. Waliokombolewa kwa mpango huo walizidi 1,400.

Idadi hiyo inanisumbua, na sidhani imewahi kusomwa inavyostahili. Watu 1,400 hawafiki mahali kwa usiku mmoja. Walikuja mmoja mmoja, wawili wawili, kwa miaka. Rabai iko juu ya vilima, kama kilomita 20 kutoka Mombasa, na katikati hapo kote ni nchi ya watu: mashamba, visima, njia za mifugo, mbwa. Aliyetoka Malindi alikuwa na safari ya siku kadhaa. Kila mmoja wao alionekana na mtu, akapewa maji na mtu, akalala karibu na nyumba ya mtu ambaye kesho yake angeweza kushuka mjini kudai zawadi ya kumkamatisha.

Kuna jambo zito zaidi. Wakuu wa misheni, walipobanwa, walijitetea kwamba wengi wa watu hawa walipokewa kwa kudhaniwa ni Wanyika wa kawaida, jina walilopewa Wamijikenda enzi hizo. Tuseme utetezi huo ni wa kweli. Basi hebu tuufuate mpaka mwisho. Watumwa wengi wa mashamba ya pwani walitoka mbali, Unyasa na Uyao, na lugha zao hazikuwa Kirabai wala Kigiriama. Mzungu unaweza kumwambia kwamba wewe ni Mnyika, akaandika hivyo daftarini. Mrabai huwezi kumdanganya. Atakuuliza mbari yako kabla hajakukaribisha kitako, na ukifumbua kinywa tu amekujua. Ili mtoro apite kama Mnyika mbele ya mmishonari, ilibidi Wanyika wenyewe wakubali kunyamaza, na wakanyamaza mara mia kadhaa. Utetezi wa misheni, ukiusikiliza vizuri, ni ushahidi wa watu wengine kabisa.

Hata ndani ya misheni, mlango haukushikwa na Wazungu peke yao. Aliyekuwa akiisimamia Rabai miaka hiyo ni William Jones, mmoja wa wale walioitwa Wabombei: Waafrika waliotekwa wakiwa wadogo, wakaokolewa baharini, wakalelewa Nasik huko India kisha wakarudishwa pwani kusaidia kazi ya dini. Askofu Hannington alimpa ushemasi mwaka 1885. Mtu aliyewahi kuwa bidhaa mwenyewe, akibishiwa hodi usiku na mtu mwenye alama za pingu, sioni ajabu kama hakuuliza maswali mengi.

Halafu kuna Fuladoyo, kijiji cha Ugiriama, mahali ambapo utetezi wowote wa "hatukujua" hauna kazi. Palianzishwa mwaka 1879 na Wagiriama Wakristo, kiongozi wao akiwa David Koi, na mbegu yao ilikuwa imepandwa na Abe Ngoa, Mgiriama aliyesoma Rabai akaenda kuwafundisha wenzake. Hapakuwa na Mzungu akiishi pale, wala bendera, wala manowari ya kutishia. Watoro wakamiminika kwa mamia, wakapewa ardhi, wakalima. Mwaka 1883 wenye watumwa wa pwani wakaivamia Fuladoyo, na David Koi akauawa. Kengele ya Kisauni tumeifanya kituo cha matatu; jina la David Koi, ukiondoa watu wa kanisa, uliza utaona wangapi wanalijua.

Sasa upande wa pili, wa misheni, maana unayo hoja. Misheni zilikuwa chache, zenye watu wachache, ndani ya nchi yenye sheria ya Sultani. Balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, hakutaka ziwapokee watoro, na mwaka 1880 Frere Town yenyewe ilitishiwa kushambuliwa na watu wa Mombasa kwa sababu hiyo hiyo. Anayeuliza kwa nini hawakufungua milango wazi aitazame Fuladoyo: walifungua, wakachomewa. Bila kituo ambacho mwenye bunduki aliogopa kukigusa, Mrabai angenyamaza kwa faida ya nani? Hilo nalikubali. Ukimya wa wenyeji ulihitaji kuta za misheni, na kuta hizo ziliwagharimu waliozijenga.

Wala wenyeji hawakuwa malaika. Wapo waliowakamata watoro wakawarudisha pwani kwa malipo. Njaa kali ya mwaka 1884 ilipowakamata, Wamijikenda wengine waliwaweka watoto wao rehani mjini kwa nafaka, na rehani ambayo haikukombolewa iliishia utumwani. Wengine waliompokea mtoro walimpokea kwa hesabu zao. Sultani Simba wa Witu aliwakusanya watoro wa Lamu na Malindi kwa wingi, akawapa bunduki, kwa kuwa alihitaji askari dhidi ya Zanzibar. Mbaruk wa Gasi, Mmazrui, naye aliwapokea alipokuwa akimwasi Sultani wa Zanzibar. Lakini nauliza: misheni nayo si ilihitaji waumini? Ikiwa haja ya mpokeaji inafuta msaada wake, basi tufute wote kwa pamoja. Mimi natazama alikoamka mtoro asubuhi ile.

Narudi kwenye dola 25. Wanaomsifu Mackenzie wanasema alizuia umwagaji damu na akawapa watu 1,400 karatasi ambayo hakuna bwana angeweza kubishana nayo. Ni kweli, na aliyepokea hati ile pengine hakujali fedha zimekwenda mfukoni mwa nani. Ila pana kitu kilichouzwa pamoja na hati. Jumla ilizidi dola 35,000, na zote zililipwa kwa msingi mmoja: kwamba mtu yule, ingawa ameishi miaka Rabai, ameoa, amezaa, ana shamba, mpaka jana alikuwa mali halali. Na misheni zikatakiwa zisipokee tena. Aliyetoroka Desemba alikuwa na bahati. Aliyetoroka mwezi mmoja baadaye alikuta mlango umefungwa kwa mkataba.

Matunda ya msingi huo yalionekana mwaka uliofuata. Fuladoyo ilikuwa imefufuka baada ya 1883, watoro wamerudi na kujenga upya. Mwaka 1890 Frederick Lugard, akipita mto Sabaki kwa kazi ya kampuni ile ile ya Mackenzie, aliwakuta na kuwapangia utaratibu aliouona wa huruma: wafanye kazi ya ujira, na mishahara yao ilipe fidia kwa mabwana hadi wajikomboe. Baadhi yao walikuwa wameishi huru kwa miaka kadhaa, kwenye ardhi waliyopewa na Wagiriama bure.