F yangu, F yako

Mwalimu wa kwaya alitunga wimbo mpya katika ufunguo wa F, yaani do yake ni F. Kulikuwa na sauti nne, kinanda, ngoma, na gitaa la besi nililokuwa nimelishika mimi. Ili mambo yanoge, akaalika tarumbeta na saksafoni alto. Akatoa fotokopi mbili za ukurasa uleule wa melodi. Juu ya moja akaandika kwa kalamu TARUMBETA, juu ya nyingine SAKSAFONI. Mkosi uliingilia hapo, kwa wino wa bluu.

Mpuliza tarumbeta aliyezoea kazi akiona ukurasa una jina la ala yake, anachukulia kwamba nota zimeshahamishwa. Hakosei, ndivyo karatasi za ala zinavyoandikwa. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati, yaani B iliyoshushwa nusu toni: ukisoma C, kinachotoka ni B flati ya kinanda, toni nzima chini. Saksafoni alto ni ya E flati: ukisoma C inatoka E flati, nusu toni 9 chini. Kwa hiyo mwandishi humwandikia tarumbeta toni moja juu, na alto nusu toni 9 juu, ili wote wakutane na kinanda. Kwa wimbo wa F, tarumbeta apewe G yenye shapu moja (alama ya kupandisha nusu toni), na alto apewe D yenye shapu mbili. Hawa wetu walipewa F yenye flati moja, wote wawili. Na F ni ufunguo mwepesi, vidole havilalamiki, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Isitoshe kila mmoja alifanyia mazoezi kwake. Ukiwa peke yako, kila ufunguo ni sahihi.

Kwa nini tarumbeta isiite C ya watu C? Lawama ni za zamani. Kabla ya vali, vile vitufe vinavyobadilisha urefu wa bomba, ambazo wanamuziki Wajerumani Stölzel na Blühmel walizipatia hataza Berlin mwaka 1818, tarumbeta ilikuwa bomba tupu lenye nota chache za ufunguo mmoja. Ukitaka ufunguo mwingine unachomeka kipande kingine cha bomba, na nota zinaandikwa vilevile kana kwamba uko C. Vali zikaja, mazoea yakabaki. Kwa saksafoni sababu ina akili zaidi: Adolphe Sax, aliyeibuni na kupata hataza yake Paris mwaka 1846, alitengeneza ukoo mzima, wadogo kwa wakubwa, na vidole vilevile vinapiga nota ileile ya karatasi. Anayepiga alto leo, kesho akikabidhiwa saksafoni kubwa zaidi iitwayo tena, hajifunzi upya. Hesabu inabaki kwa mwandishi. Hata besi yangu husikika oktava moja chini ya ilivyoandikwa, ila oktava haijawahi kumuudhi mtu.

Siku ya onyesho mwalimu akahesabu minne, tukaingia kwa nguvu kwenye do. Kinanda kikatoa F, A na C. Tarumbeta ikatoa E flati. Saksafoni ikatoa A flati. Ukizipanga zote pamoja unapata kordi, yaani rundo la nota zinazolia kwa pamoja, iitwayo F7 yenye tisa iliyopandishwa, ambayo wapiga gitaa wa bluzi huitafuta kwa makusudi. Ukumbi ukatikisa vichwa: hawa watu wamesoma.

Heshima hiyo ilidumu mpigo mmoja. Melodi ikapanda re, kinanda kikaenda kordi ya C, na F ya tarumbeta ikakaa juu ya E ya kinanda, nota mbili zilizoachana nusu toni tu zikisagana kama meno ya mtu aliyelala.

Waimbaji wetu wanasoma solfa, na kwenye solfa do haina makazi: do ni pale unapoisikia. Sauti ya kwanza walisimama mbele ya tarumbeta, wakaifuata. Sauti ya pili walikuwa ubavuni mwa saksafoni, wakaifuata. Sauti ya kwanza walipaswa kuanza na F na sauti ya pili C chini yake. Ya kwanza ikashuka toni moja, ya pili ikapanda toni moja na nusu, zikakutana kwenye E flati ileile, zikatazamana kwa chuki. Wanaume wa sauti za tena na bezi, kwa kuwa walikuwa nyuma ya kinanda, waliimba sawasawa kabisa na ndio walioonekana wamekosea.

Sasa, mpiga kinanda ana masikio. Akasikia tarumbeta iko toni moja chini, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuhamisha ufunguo, akabonyeza mara mbili. Kioo kikasoma -2, kinanda kikashuka E flati. Ustaarabu mkubwa. Bahati mbaya mpuliza tarumbeta naye ana masikio, na naye ni mstaarabu. Papo hapo alishaanza kusoma kila nota toni moja juu, akawa anapiga G, inayosikika F. Wakapishana hewani. Umbali ukabaki uleule toni moja, ila wamebadilishana viti.

Kila mmoja akaona mwenzake hakuelewa, akarudi alikotoka ili kumsaidia. Kinanda sifuri, tarumbeta F yake ya karatasi. Kisha tena kinanda -2, tarumbeta G. Mimi nilibaki F muda wote, na si kwa msimamo: F ya chini kwenye besi ya nyuzi nne iko freti ya kwanza ya uzi mnene, na chini yake kuna E tu. E flati hiyo haipo. Dada wa saksafoni alikuwa amefumba macho, yuko A flati peke yake na raha zake.

Mwalimu akafunga ngumi. Tukanyamaza, isipokuwa mpiga ngoma, ambaye kwake wimbo ulikuwa unakwenda vizuri.

"Kaka, unapiga F?" mpiga kinanda akauliza.

"F, ndiyo."

"F yangu au F yako?"

"Si nimepewa F?"

"Wote nimewapa F," mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu aliyegawa kwa haki.

"Mwalimu," dada wa saksafoni akasema, akiwa sasa amefumbua macho, "ndilo tatizo lenyewe."

Marekebisho yalifanyika wakati mshereheshaji akiomba makofi. Tarumbeta: kila nota hatua moja juu, F ya mstari wa tano isomwe G juu yake, na ufunguo uwe shapu moja. Alto: kila nota hatua mbili chini, F ya mstari wa tano isomwe D ya mstari wa nne, kisha ongeza shapu tatu, moja inafuta flati iliyopo, zinabaki mbili. Dada aliandika kwa penseli herufi D kubwa juu ya ukurasa, akaizungushia duara.

Tukahesabu tena minne. Tarumbeta F. Saksafoni F. Besi F. Kinanda, ambacho kioo chake hakuna aliyekitazama, kikatoka na -2 yake.

Mpuliza tarumbeta, kwa wema uleule, akarudi kwenye karatasi kama ilivyo. Sasa tarumbeta na kinanda wako E flati, wanatabasamu, na kwaya yote imewafuata. Nikaruka hadi freti ya 6 ya uzi wa A. Dada, mtu pekee aliyepiga kilichoandikwa kwa hesabu sahihi, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akashuka hadi C, bila shapu wala flati, ufunguo ambao watoto huanzia.

Wimbo ukaendelea hivyo hadi mwisho, ambapo bezi hushuka kwenye do ya chini kabisa na kuishikilia mipigo minane. F wote huifikia. Kwenye E flati alifika mmoja tu, mwenye mafua. Wengine walifungua midomo.